Haibridi Nyanda za Juu Kusini: Je, Inaokoa Mafuta ya Kutosha kwa Anayekwenda Kazini Kila Siku?

EWURA inatangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na bei ikipanda tu, maswali haya yanaanza tena: kazini, gereji, kwenye makundi ya WhatsApp. Tumeyakusanya hapa kwa ajili ya watu wa Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe, kwa sababu majibu yanayotoka Dar es Salaam yanasahau milima yetu na baridi yetu. Hesabu zote zimetumia shilingi 3,000 kwa lita ili namba ziwe nyepesi. Weka bei ya sheli unayojaza wewe.

## Mambo ya msingi

Haibridi ni gari la aina gani? Nitalazimika kulichaji nyumbani?

Ni gari la petroli lenye injini, mota ya umeme na betri kubwa inayokaa nyuma. Haibridi za kawaida huchomeki popote, na LUKU yako haihusiki. Betri inachajiwa na injini pamoja na breki. Ukikanyaga breki, mota inageuka jenereta, na nguvu ambayo kwenye gari la kawaida kama Toyota IST ingeishia kuwa joto la pedi na diski inarudi kwenye betri. Ukisimama, injini inajizima. Ukiondoka taratibu, unaondoka kwa umeme na injini inaamka baadaye.

Toyota Prius ilianza kuuzwa Japani Desemba 1997, na mdogo wake, Aqua, Desemba 2011. Hizo ndizo utakazokutana nazo zaidi kwenye yadi, pamoja na Axio na Fielder za haibridi, Honda Fit na Nissan Note e-Power. Zipo pia za kuchomeka, kama Prius PHV, lakini hizo ni habari nyingine.

Kwa nini inasemekana foleni ndiyo inayolifaa?

Kwa sababu foleni ndipo gari la kawaida linapopoteza. Fikiria asubuhi ya siku ya kazi kutoka Uyole kuelekea Mafiati: malori ya Tunduma mbele, bajaji kila upande, unasogea mita 20 unasimama. Injini ya IST inaunguruma muda wote huo. Ya Aqua imezimwa, na kama umewasha kiyoyozi kinaendelea kupuliza kwa sababu kompresa yake ni ya umeme.

Ndiyo maana vipimo vya haibridi viko kinyume na tulivyozoea. Marekani, Aqua iliuzwa kwa jina la Prius c, na vipimo vya serikali vya huko viliipa toleo la 2012 kama kilomita 22.5 kwa lita mjini na 19.6 barabara kuu. Gari la kawaida hula zaidi mjini. Hili hula zaidi safarini.

## Hesabu ya mafuta na pesa

Tangazo linasema kilomita 35 kwa lita. Ni kweli?

Hiyo namba ipo: Aqua ilitoka Japani na kipimo cha kilomita 35.4 kwa lita. Lakini ni kipimo cha maabara, gari likiwa juu ya mitambo, bila mlima, bila upepo, bila magunia ya viazi kwenye buti. Gari hilohilo kwa vipimo vya Marekani, ambavyo ni vikali zaidi, lilipata wastani wa kama 21.

Kwa mizunguko ya Mbeya au Iringa mjini, panga bajeti yako kwa 20. Ukipata 22, shukuru. Dalali akikuahidi 30, muulize alijaza tenki lini mara ya mwisho.

Nitaokoa shilingi ngapi kwa mwezi?

Inategemea mambo mawili: unakwenda kilomita ngapi, na unatoka kwenye gari gani. Hilo la pili watu wanalisahau kabisa.

Chukua mtu anayeishi Mbalizi na kufanya kazi upande wa Uyole, kilomita 40 kwa siku kwenda na kurudi, siku 25 kwa mwezi. Hizo ni kilomita 1,000. Akiwa na IST inayokwenda 13 kwa lita, anachoma lita 77, yaani shilingi 231,000. Akiwa na Aqua ya 20 kwa lita, anachoma lita 50, yaani 150,000. Anaokoa kama 81,000 kwa mwezi, karibu milioni moja kwa mwaka.

Sasa mtu huyohuyo awe alikuwa na Passo ya cc 1000 inayompa 16 kwa lita. Alikuwa anatumia 187,500. Akihamia Aqua anaokoa 37,500 tu. Na aliyekuwa na Forester au Harrier kuukuu inayokwenda 8 kwa lita alikuwa anamwaga 375,000, kwa hiyo yeye anaokoa 225,000 kila mwezi. Gari jipya ni lilelile, barabara ni ileile, na faida zimepishana mara sita.

Nitarudisha lini ile pesa niliyoongeza kununulia haibridi?

Chukua tofauti ya bei kati ya gari ulilokuwa ununue na haibridi unayoitaka, ugawanye kwa unachookoa kwa mwezi. Tuseme tofauti ni milioni 3. Yule wa Mbalizi anayehama kutoka IST atairudisha kwa miaka mitatu hivi. Aliyetoka kwenye Passo atahitaji zaidi ya miaka sita, na hapo betri inaweza kumdai kabla hajafika. Dereva wa abiria anayepiga kilomita 3,000 kwa mwezi mjini ataimaliza ndani ya mwaka mmoja na wiki kadhaa.

Anayeishi Soweto na kufanya kazi Mwanjelwa, kilomita 300 kwa mwezi kwa kujitahidi, anaokoa 24,000. Kwa tofauti hiyohiyo ya milioni 3, ni miaka kumi. Huyu ninamwambia wazi: abaki na gari lake. Kama anaitaka Aqua kwa sababu imekaa kimya na inapendeza, aichukue kwa sababu hiyo, asimsingizie mafuta.

Sijui gari langu la sasa linakula kiasi gani. Nipimeje?

Wengi wetu hatujui, kwa sababu tunaweka "ya elfu ishirini" na kuondoka. Ukinunua mafuta kwa pesa badala ya lita, bei ikibadilika huwezi kujua kama gari limeanza kula au ni shilingi imepungua nguvu.

Jaza tenki mpaka bomba likate lenyewe, andika kilomita zilizo kwenye dashibodi. Endesha maisha yako ya kawaida wiki moja au mbili. Rudi sheli ileile, jaza tena mpaka likate, angalia lita zilizoingia. Gawanya kilomita kwa lita. Fanya hivyo zaidi ya mara moja, maana kujaza mara moja kunadanganya. Usiamini sana wastani unaoonyeshwa na kompyuta ya gari. Mara nyingi unajipendelea.

Kodi ya kuingiza haibridi ni nafuu kuliko gari la kawaida?

Usinunue ukiwa na matumaini hayo. Sehemu ya ushuru hupangwa kwa ukubwa wa injini, na Aqua yenye cc 1500 inaangukia kundi moja na IST ya cc 1500. Halafu kuna ushuru wa uchakavu kwa magari yaliyofikisha miaka 8 na kuendelea, ambao unapanda zaidi kwa yaliyozidi 10. Kikokotoo cha TRA kipo mtandaoni. Ingiza gari lenyewe kabla hujatuma hata senti Japani.

Kwa haibridi, ushuru huo wa uchakavu una makali ya ziada. Gari la bei ndogo kule linakuja na ushuru mkubwa huku, na linakuja na betri iliyozeeka.

## Milima, baridi na vumbi

Mota ya umeme itaweza milima yetu?

Kupanda inapanda. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 kwa sababu hewa ni nyepesi. Mota ya umeme haijali hewa. Kwa hiyo kilima kifupi kama kile cha Ipogolo kupanda Iringa mjini, haibridi inakimaliza vizuri kuliko unavyotegemea kwa injini ndogo vile.

Kilima kirefu ni jambo jingine. Ukiupanda Kitonga, betri inasaidia mwanzoni, kisha inashuka mpaka kompyuta inasema basi, na injini inabaki peke yake. Hapo utasikia mlio mmoja mrefu, injini juu na gari halikimbii kwa kadiri ya kelele. Wageni wa haibridi huogopa wakidhani gia inateleza. Haitelezi. Aqua na Prius hazina gia za kubadilisha. Kompyuta inaishikilia injini kwenye mzunguko mmoja inaoutaka. Ukimpelekea fundi asiyezijua, atakufungulia gia boksi nzima bure.

Basi mteremko ni mafuta ya bure? Nikishuka Kitonga betri itajaa?

Itajaa mapema mno, na shida ndiyo hiyo. Gari lenye uzito wa kilo 1,250 pamoja na abiria, likishuka mita 100 za wima, linaachia nguvu ya kama theluthi moja ya uniti ya umeme. Betri ya Aqua yote haifiki uniti moja, na kompyuta hutumia chini ya nusu yake ili isichakae haraka. Ukitoa kinachopotea njiani, mita mia moja na kitu za mteremko zinaijaza. Kutoka Isyonje hadi Kyela unashuka zaidi ya mita 1,500. Hesabu mwenyewe ni kiasi gani kinakwenda bure.

Kibaya zaidi, betri ikishajaa, ile breki ya umeme inapungua na kazi inabaki kwa pedi. Ndiyo kazi ya herufi B kwenye gia. Iweke mapema, ukianza kushuka, siyo ukishanusa harufu ya pedi. Kwenye B, injini inazungushwa bila kuchoma petroli ili kulizuia gari. Kwenye mteremko wa Iwambi, Kitonga au ule wa kuelekea Tukuyu, B ndiyo gia yako. Mjini kwenye tambarare irudishe D, la sivyo unapoteza nguvu ambayo betri ingeipokea.

Baridi ya Juni na Julai inaathiri?

Inaathiri, na hili watu wa Dar hawakuambii. Asubuhi ya baridi kali, injini inawaka yenyewe na kubaki imewaka mpaka maji yake yapate moto, hata ukiwa umesimama. Anayempeleka mtoto shule kilomita tatu na kurudi Njombe mjini mwezi wa saba anaendesha gari la petroli la kawaida, tu lenye betri ya ziada ya kubeba. Ukiwasha hita, injini inazidi kukataa kuzima, kwa sababu joto la hita linatoka kwake.

Safari ikiwa ndefu, hasara hiyo inamezwa. Safari fupi nyingi za asubuhi ndizo zinazoua faida. Kwa upande wa pili, kiyoyozi hatukihitaji sana, labda kuondoa ukungu kwenye kioo wakati wa mvua.

Nikisafiri Iringa hadi Mafinga, au Makambako hadi Njombe, naokoa vilevile?

Unaokoa, lakini kidogo. Kwenye mwendo wa 80 hadi 100 usiokatika, injini inafanya karibu kazi yote. IST inayokupa 13 mjini inaweza kukupa 16 safarini, wakati Aqua inabaki kwenye 20 au chini kidogo. Hata hivyo barabara zetu kuu zina vijiji, na kila kijiji kina kibao cha 50 na pengine tochi. Kila unapopunguza, betri inakusanya chochote. Nafikiri ndiyo faida pekee ya tochi.

Nissan Note e-Power iangalie kwa jicho jingine hapa. Injini yake haizungushi magurudumu kabisa, inazalisha umeme tu, kwa hiyo mjini ni tamu na safari ndefu ya kasi inaipunguzia faida.

Ninaishi kwenye barabara ya vumbi. Litafaa?

Kuna mambo mawili. La kwanza ni uvungu: Aqua na Prius ziko chini, na mtaa wenye makorongo utakukwangulia tumbo la gari. La pili halionekani. Betri kubwa inapozwa na feni inayovuta hewa ya ndani ya gari kupitia tundu lililo pembeni ya kiti cha nyuma. Vumbi, nywele, pamba ya viti, vyote vinaingia humo. Feni ikiziba, betri inapata moto, na betri yenye joto inakufa mapema.

Kwa anayekaa kwenye vumbi, tundu hilo lisafishwe kila unapofanya sevisi. Ni kazi ndogo, na inashangaza ni magari mangapi yanauzwa mara kwa mara bila mtu kuwahi kulifungua. Pia usilizibe kwa mabegi au mablanketi.

## Betri na mafundi

Betri kubwa inadumu miaka mingapi?

Toyota yenyewe Marekani ilikuwa inatoa dhamana ya miaka 8 au maili 100,000, yaani kama kilomita 160,000, na kuanzia matoleo ya 2020 ikaongeza hadi miaka 10 au maili 150,000. Hiyo inakupa picha: nyingi zinapita hapo, lakini gari la miaka 10 linaloingia bandarini leo tayari liko ukingoni mwa dhamana ambayo wewe huna.

Kwa hiyo kwenye hesabu ya kurudisha pesa (tazama sehemu ya hesabu) ongeza bei ya betri kama gharama utakayoilipa siku moja. Uliza bei hiyo kabla ya kununua gari, siyo baada ya taa kuwaka.

Fundi anasema abadilishe seli mbili tu. Nikubali?

Betri ya Aqua ina vipande 20, ya Prius za kizazi cha pili na cha tatu ina 28, vyote vimeungana kwa mstari. Vikifa viwili, fundi anaweza kuviweka vingine vya mtumba na taa ikazimika. Lakini vilivyobaki vina umri uleule wa vilivyokufa, na vya mtumba havilingani navyo nguvu. Baada ya miezi kadhaa unarudi. Kama unataka kuliuza wiki ijayo... sitamalizia. Kama unataka kulitumia, tafuta betri kamili yenye dhamana ya maandishi.

Nikague nini kabla ya kununua?

Nenda na fundi mwenye mashine ya kupimia inayosoma betri ya haibridi, siyo ile ya kusoma injini tu. Aangalie kama kuna kodi (namba ya hitilafu) P0A80, ambayo maana yake betri imechoka, na alinganishe volti za vipande vyake. Kodi ikiwa imefutwa asubuhi, itarudi ukiliendesha, kwa hiyo liendeshe nusu saa kwenye vilima. Kipimo cha betri kwenye dashibodi kikipanda na kushuka haraka haraka, kutoka tupu hadi tele ndani ya dakika chache, achana nalo.

Sikiliza feni ya nyuma. Angalia maji ya kupozea inverta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri ili mota iutumie), ambayo yana chombo chake tofauti na rejeta. Kwa Prius ya kizazi cha tatu, uliza kama njia za EGR, zinazorudisha sehemu ya moshi kwenye injini, zimewahi kusafishwa. Honda Fit haibridi ya kizazi kilichoanza 2013 ilirudishwa kiwandani Japani mara kadhaa kwa sababu ya gia yake; hakikisha hiyo uliyoshika ilifanyiwa marekebisho.

Sevisi yake ni ghali?

Ya kawaida, hapana. Pedi zinadumu zaidi, hakuna stata wala oltaneta ya kuharibika. Tahadhari ni mafuta ya gia: Toyota hizi zinatumia aina iitwayo WS, na akikumiminia yoyote aliyonayo dukani utajuta. Nyaya za rangi ya chungwa zinabeba umeme wa kuua. Fundi asiye na glavu zake wala hajui pa kuchomoa kizima umeme, asiziguse.

## Hali za pembeni

Likizima njiani linasukumwa kama mengine?

Hapana. Kulisukuma hakuwashi chochote, na kulikokota magurudumu ya mbele yakiwa chini kunazungusha mota, nayo inazalisha umeme usiotakiwa. Lipande kwenye brekidauni, au angalau magurudumu ya mbele yainuliwe.

Kabla ya hapo, angalia betri ndogo. Gari lililolala wiki mbili linaweza kugoma kabisa kwa sababu ya hiyo tu. Kwenye Prius za kizazi cha pili na cha tatu iko kwenye buti. Unaweza kuomba umeme wa gari jingine, na lako likiwa tayari kuondoka litaandika READY kwenye dashibodi. Wewe usiwape wengine umeme kutoka kwenye haibridi yako, hata jirani akibembeleza.

Vijana wa kuosha magari wanamwaga maji ndani. Kuna shida?

Ipo. Betri iko nyuma, na tundu la hewa liko pembeni ya kiti. Zulia litolewe lioshwe nje, ndani pafutwe kwa kitambaa.

Kwa nini nisifunge gesi tu kwenye IST yangu?

Kwa gharama ya kilomita, gesi asilia inaipiku haibridi. Lakini vituo vyake vimejikita Dar es Salaam. Anayefanya kazi Mafinga hana pa kujazia.

Ninaishi Tukuyu, ninafanya kazi Mbeya mjini. Hesabu yangu ikoje?

Wewe ndiye mgumu kuliko wote. Ni kama kilomita 140 kwa siku kwenda na kurudi, karibu 3,000 kwa mwezi ukienda siku 21 au 22, kwa hiyo kilomita unazo za kutosha. Lakini ni mlima mtupu, unapanda hadi Isyonje na kushuka upande wa pili, na betri inajaa na kufurika kila siku kama tulivyoeleza kwenye swali la mteremko. Weka 18 kwa lita kwa haibridi na 12.5 kwa IST. Ni lita 167 dhidi ya 240, tofauti ya kama shilingi 220,000 kwa mwezi.

Inalipa, tena vizuri. Ila haibridi yenyewe bado itachoma nusu milioni ya petroli kila mwezi, na betri yako itafanya kazi kwa mwaka mmoja sawa na miaka kadhaa ya mtu wa Soweto. Kabla ya kwenda yadi, ulizia kodi ya chumba Uyole.